Jinsi ya Kukagua Ubunifu wa Jengo Jipya la Shule Ndani ya Mtaa wa Kihistoria: Mwongozo Kamili

Ni majengo machache yaliyo magumu kuingizwa katika mtaa wa kihistoria kuliko shule, na ugumu huo hautokani na ladha ya msanifu bali na mahitaji ya shule yenyewe. Mtaa wa kale kwa kawaida una viwanja vyembamba, nyumba za ghorofa chache, milango inayofunguka moja kwa moja barabarani, na madirisha yanayofuatana kwa mpangilio unaojirudia kutoka nyumba hadi nyumba. Shule nayo inahitaji vyumba vikubwa vinavyofanana, korido ndefu, ukumbi usio na nguzo katikati, uwanja wa kuchezea, uzio, mahali pa mabasi kusimama na lango moja linaloweza kulindwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoshabihiana na nyumba za jirani. Kwa sababu hiyo, anayekabidhiwa kazi ya kukagua michoro hapaswi kuanza kwa kujiuliza kama jengo linapendeza. Aanze na mahali litakapokaa, ukubwa wake na namna lilivyogawanywa. Sura ya ukuta, rangi na aina ya matofali vije baadaye. Vikao vingi hupotea katika mjadala wa matofali wakati ambapo kosa lisiloweza kurekebishwa limekwisha kukubaliwa katika mchoro wa kiwanja.

Mwongozo huu umekusudiwa mjumbe wa kamati ya uhifadhi, ofisa wa mipango miji, mjumbe wa bodi ya shule, na mkazi aliyepata nafasi ya kutoa maoni kabla ya kibali kutolewa.

Hatua ya kwanza: Fahamu mamlaka yako yanaishia wapi

Wazo la kulinda mtaa mzima, badala ya jengo mojamoja, si la kale sana. Nchini Marekani, mji wa Charleston ndio uliotangulia kutunga sheria ndogo ya namna hiyo mwaka 1931; Ufaransa ilipitisha sheria yake ya maeneo yanayohifadhiwa mwaka 1962, na Uingereza ikafanya hivyo mwaka 1967. Tangu hapo kila mahali pamejiwekea utaratibu wake, na tofauti zake ni kubwa. Kwingine kamati inatoa uamuzi unaofunga, na bila hati yake ujenzi hauwezi kuanza. Kwingine inatoa ushauri tu, na mamlaka nyingine ndiyo inayoamua. Kwingine majengo ya serikali hupitia njia tofauti na majengo ya watu binafsi. Soma sheria inayokuhusu kabla ya kufungua mchoro wowote, kisha uandike kwa maneno yako mambo uliyopewa kuyaamua na yale yasiyokuhusu. Idadi ya wanafunzi, mtaala na sera ya elimu kwa kawaida havimo, na mkaguzi anayevijadili humpa mwombaji sababu nzuri ya kukata rufaa.

Vigezo vingi vya uhifadhi huzunguka madai mawili. Mkataba wa Washington wa mwaka 1987, uliopitishwa na ICOMOS, chombo cha kimataifa cha wataalamu wa uhifadhi, unataka jengo jipya liheshimu mpangilio uliopo, hasa ukubwa wa majengo na wa viwanja, na wakati huohuo unasema vitu vya kisasa vinavyopatana na mazingira visizuiwe. Viwango vya ukarabati vinavyotumiwa na serikali kuu ya Marekani navyo vinataka kazi mpya itofautike na ya kale, lakini ipatane nayo kwa umbo, ukubwa na vipimo. Wajumbe hugawanyika hapa: wapo wanaotaka shule ifanane na nyumba ya karne iliyopita, na wapo wanaotaka ijitangaze kuwa ya leo. Kwa maoni yangu, mkaguzi asipoteze nguvu kudai tofauti, kwa sababu shule iliyojengwa leo, kwa vioo vyake, milango yake ya dharura na vipimo vya vyumba vyake, itaonyesha umri wake yenyewe. Kinachohitaji kusimamiwa ni upatanifu, kwa kuwa huo haujileti.

Hatua ya pili: Pima mtaa kabla ya kuona michoro

Tembea mtaani ukiwa na daftari na kifaa cha kupimia kabla hujaona pendekezo. Mpangilio huu una sababu: aliyekwisha kuona picha nzuri ya jengo huanza kutafuta mtaani ushahidi wa kuliunga mkono au wa kulipinga. Andika upana wa viwanja, umbali wa kuta za mbele kutoka barabarani, urefu hadi ukingo wa paa na hadi kileleni, urefu wa ghorofa moja, uwiano wa upana na urefu wa madirisha, na sehemu ya ukuta iliyo wazi ikilinganishwa na iliyojengwa. Andika pia aina za paa, vifaa vya ujenzi, miti mikubwa na mandhari yanayoonekana mwishoni mwa barabara, kama vile mnara au kilele cha kilima. Tenganisha majengo yanayoupa mtaa thamani yake na yale yaliyoingia baadaye, maana mwombaji hodari atachagua jengo refu kuliko yote na kulifanya kuwa kipimo chake.

Kama mpango unahitaji jengo la zamani libomolewe, swali hilo lisimame peke yake na lijibiwe kwanza. Omba ripoti ya mhandisi kuhusu hali ya jengo hilo, na omba maelezo ya kwa nini haliwezi kutengenezwa likawa madarasa, ofisi au maktaba. Usikubali ubomoaji kwa sababu tu mchoro wa kitakachofuata unavutia. Fedha zinaweza kukosekana, na mtaa ukabaki na kiwanja kitupu.

Hatua ya tatu: Dai michoro inayosema kweli

Picha za kompyuta ndizo zinazofika kwanza mezani, na ndizo zenye ushahidi hafifu kuliko zote. Lenzi pana hurefusha barabara na kulisogeza jengo mbali. Miti hupandwa mbele ya kila ukuta wenye kasoro. Na picha iliyochorwa kutoka angani huonyesha jengo kwa jicho ambalo hakuna mpita njia aliye nalo. Omba badala yake picha zilizochorwa kutoka urefu wa jicho la mtu aliyesimama, yaani takriban mita 1.6, katika sehemu ulizozichagua wewe, na sharti iwepo picha ya hali ilivyo sasa kutoka sehemu hiyohiyo.

Mchoro ulio muhimu kuliko yote ni ule wa barabara nzima, unaoonyesha uso wa shule pamoja na majengo kadhaa ya kila upande, yote kwa kipimio kimoja. Mwombaji akileta uso wa shule peke yake juu ya karatasi nyeupe, ukaguzi wa maana hauwezi kuanza. Unahitaji pia mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha majengo kana kwamba yamekatwa wima, unaopita barabarani hadi nyumba za upande wa pili, mpango wa kiwanja unaoonyesha majengo ya jirani, mchoro wa paa wenye mitambo yote itakayokaa juu yake, na orodha ya miti iliyopo.

Kwa jengo kubwa, omba urefu wake uonyeshwe uwanjani kwa milingoti. Uswisi ina desturi nzuri sana katika jambo hili: kabla ya kibali kutolewa, milingoti husimamishwa kwenye kiwanja kuonyesha pembe na vimo vya jengo linalopendekezwa, ili kila mkazi aone kwa macho yake. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya jengo, na humaliza mabishano ambayo picha haziwezi kuyamaliza.

Hatua ya nne: Hukumu mahali, ukubwa na mgawanyo

Hapa ndipo ukaguzi unapoamuliwa, na hapa mkaguzi atumie sehemu kubwa ya muda wake.

Anza na ukumbi wa michezo, kama upo, kwa kuwa ndio unaoharibu mtaa kwa urahisi zaidi. Uwanja wa mpira wa kikapu wa vipimo vya kimataifa una mita 28 kwa 15. Ukiongeza mita 2 za usalama kila upande, chumba kinafika mita 32 kwa 19, na nafasi tupu juu ya uwanja haipaswi kupungua mita 7. Ukijumlisha kina cha kenchi na paa, ukuta wa nje hukaribia mita 9, na kwa kawaida hauna madirisha ya chini. Katika mtaa ambao kila nyumba ina upana wa mita 6, ukuta huo unachukua nafasi ya nyumba tano bila mlango wala dirisha. Shule nyingi hutosheka na uwanja mdogo zaidi, lakini tatizo linabaki lilelile.

Kuna njia tatu zinazotumika, na kila moja ina gharama zake. Ya kwanza ni kuuweka ukumbi katikati ya kiwanja na kuuzungushia vyumba vidogo, kama ofisi, maktaba na madarasa, upande wa barabara. Hii ndiyo ninayoipendelea, ingawa inahitaji kiwanja chenye kina, na vyumba vinavyopakana na ukumbi huwa na mwanga wa upande mmoja tu. Ya pili ni kuuzamisha ardhini kwa mita 3 au 4, jambo linalopunguza kimo kinachoonekana lakini linaleta uchimbaji mkubwa karibu na misingi ya zamani. Ya tatu ni kuugawanya ukuta wake mrefu katika vipande. Katika hii ya tatu uwe mwangalifu. Kubadilisha rangi kila baada ya mita 6 hakugawanyi jengo, wala kubandika sura za nyumba za bandia mbele ya ghala hakuligeuzi kuwa mtaa. Mgawanyo uwe wa kweli: mstari wa paa ubadilike, ukuta urudi nyuma kwa kina kinachotoa kivuli, na nyuma ya kila kipande kuwe na chumba au mlango unaokieleza.

Jambo la pili ni vimo. Mwombaji atasema kwamba shule ina ghorofa tatu na nyumba za jirani zina ghorofa tatu, kwa hiyo zinalingana. Mara nyingi hazilingani. Ghorofa ya shule yenye mabomba ya hewa juu ya dari huhitaji takriban mita 4 kutoka sakafu hadi sakafu, ilhali ghorofa ya nyumba ya kawaida inaweza kuwa na mita 3. Tatu za shule zinafika mita 12, tatu za jirani mita 9. Kataa kabisa hesabu ya ghorofa, dai mita, na dai vimo vyote vipimwe kutoka usawa uleule wa ardhi.

Jambo la tatu ni mstari wa barabara. Wasanifu wa shule hupenda kulirudisha jengo nyuma ili wapate uwanja wa kukusanyikia wanafunzi, na katika mtaa wa nyumba zilizoshikana hatua hiyo huacha pengo kama la jino lililong'olewa. Hata hivyo, si kila pengo ni kosa. Miji ya kale iliruhusu majengo ya umma, kama nyumba za ibada, mahakama na shule zenyewe, yakae tofauti na makazi, yawe na ngazi pana au uwanja mbele. Kwa hiyo muulize msanifu swali moja na udai jibu moja: je, shule hii ni sehemu ya safu ya nyumba, au ni jengo la umma linalosimama peke yake? Ikiwa ni sehemu ya safu, ifuate mstari, kimo na upana wa safu. Ikiwa ni jengo la umma, iwe na mlango mkuu unaostahili hadhi hiyo, uwanja ulio wazi kwa macho ya wapita njia, na uso uliobuniwa pande zote zinazoonekana. Pendekezo linalojitetea kwa hoja zote mbili, likachukua ukubwa wa jengo la umma na uso wa nyumba ya kawaida, ndilo linalopaswa kurudishwa.

Hatua ya tano: Angalia jengo linavyogusa ardhi

Mpita njia hukutana na mita 3 au 4 za chini kuliko sehemu nyingine yoyote ya jengo. Usalama wa watoto ni hoja halali, lakini haulazimishi ukuta mtupu. Vyumba vya walimu, maktaba au korido yenye madirisha yaliyoinuliwa vinaweza kukaa upande wa barabara, na jengo lenyewe likawa ndio uzio. Pale ambapo uzio hauepukiki, ulinganishe na nyuzio za zamani za mtaa kwa kimo na kwa uwazi.

Njia ya mteremko kwa watumiaji wa viti vya magurudumu ni kipimo kizuri cha umakini wa msanifu. Kanuni nyingi huweka kikomo cha mteremko cha 1 kwa 12, maana yake mlango ulioinuliwa sentimita 75 kutoka barabarani unadai mteremko wa mita 9, ukiacha sehemu bapa za mwanzo na mwisho. Katika jengo la zamani hilo ni tatizo la kurithi. Katika jengo jipya msanifu ndiye anayechagua usawa wa sakafu, na hakuna sababu ya kubandika mteremko mrefu mbele ya uso wa shule wakati sakafu ingeweza kuwekwa sawa na barabara. Wote waingie kwa mlango mmoja.

Mahali pa mabasi na magari ya wazazi paonyeshwe kwenye mpango wa kiwanja pamoja na nafasi ya magari kugeuka. Pakiwekwa mbele ya jengo, hula mawe ya kando ya barabara, miti na mstari wa majengo kwa pamoja. Upande au nyuma ni bora, hata kama watoto watatembea kidogo.

Hatua ya sita: Madirisha, kuta na paa

Katika madirisha, maslahi ya mtaa na ya mwanafunzi hukutana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wasanifu hukadiria kwamba mwanga wa mchana huingia chumbani kwa kina cha takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Dirisha linalofika mita 3 juu huangaza mita 6 hadi 7.5, karibu darasa zima. Lile pana na fupi huacha wanafunzi wa mbali katika mwanga hafifu. Basi pale ambapo madirisha ya kale ni marefu na membamba, mkaguzi anayeomba uwiano huo haombi pambo. Aangalie pia kina cha dirisha ndani ya ukuta. Kioo kilicho sawa na uso wa ukuta huufanya uonekane kama karatasi, ilhali kilichorudishwa sentimita 10 au zaidi hutoa kivuli kinacholingana na cha majengo ya zamani.

Vifaa visihukumiwe kwa kipande kinachopitishwa mezani. Dai ukuta wa sampuli ujengwe uwanjani, angalau mita moja kwa moja, ukiwa na viungo vya udongo au saruji vitakavyotumika, pembe moja na sehemu ya dirisha, uangaliwe ukiwa mkavu na ukiwa umelowa. Mahali ambapo ukuta mpya unashikana na ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa, saruji ngumu isipakwe juu ya ukuta wa zamani, kwa sababu hufungia unyevu ndani na kuharibu matofali au mawe laini.

Kuhusu paa, swali ni moja: mitambo ya hewa, matangi, paneli za sola na mashimo ya moshi yako wapi, na yanaonekana kutoka wapi? Yasipokuwa kwenye mchoro leo, yatajitokeza baada ya kibali.

Hatua ya saba: Linda majirani wakati wa ujenzi

Mtaa unaweza kuharibiwa na ujenzi hata kama jengo lenyewe ni zuri. Kila jengo la zamani lililo karibu lipigwe picha na nyufa zake zipimwe kabla kazi haijaanza, na mwenye nyumba apewe nakala. Ikiwa nguzo za msingi zitagongwa ardhini, uliza kama zinaweza kuchimbwa kwa kekee badala ya kugongwa, na dai vifaa vya kupima mtikisiko. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150-3, kinachotumiwa hata nje ya nchi hiyo, huweka mwongozo wa kasi ya mtikisiko ya milimita 3 kwa sekunde kwenye misingi ya majengo ya kihistoria kwa mitikisiko ya masafa ya chini, yaani inayojirudia polepole. Kazi isimamishwe kikomo kilichokubaliwa kinapofikiwa, na jina la mwenye mamlaka ya kuisimamisha liandikwe mapema. Uchimbaji wa mabaki ya kale nao ufanyike kabla ya kuchimba misingi, si sambamba nao.

Hatua ya nane: Andika maoni yanayoweza kutekelezwa

Maoni mazuri yana sehemu tatu: kinachoonekana kwenye mchoro, kigezo kinachovunjwa, na madhara yake kwa mtaa. Njia ya kurekebisha mwachie msanifu, maana kamati inayochora jengo upya huishia kuwa na jengo lisilo na mwenyewe. Usiandike kwamba jengo “lipatanishwe zaidi na mtaa”. Hakuna anayeweza kuthibitisha kama hilo limetimizwa. Andika, kwa mfano, kwamba ukingo wa paa upande wa barabara usizidi mita 9.5, kwamba ukuta wa kaskazini usiwe na urefu wa zaidi ya mita 7 bila dirisha au kurudi nyuma, au kwamba mitambo ya paa isionekane kutoka njia ya miguu ya upande wa pili. Sharti lenye namba na mahali pa kusimama linakaguliwa na mtu yeyote.

Toa maoni kuhusu mahali na ukubwa wakati wa michoro ya awali. Mjumbe anayenyamaza hadi michoro ya mwisho, kisha akataka ukumbi uhamishwe, huigharimu shule fedha na mwaka wa masomo, na mara nyingi hushindwa. Mwenye maslahi na mradi, kwa ujirani, ajira au zabuni, ajitoe na jambo hilo liandikwe katika muhtasari wa kikao.

Hatua ya tisa: Fuatilia baada ya kibali

Fedha zikipungua, vitu vinavyokatwa kwanza ni vilevile vilivyofanya jengo likubalike: kina cha madirisha, vigae vya paa, mawe ya chini ya ukuta, kificho cha mitambo na miti. Kwa hiyo ambatanisha na kibali orodha ya vitu visivyoweza kubadilishwa bila kurudi mbele ya kamati, na uieleze timu ya shule sababu ya kila kimoja. Kagua kiwanja angalau mara tatu: msingi unapowekwa, ili uthibitishe mahali na usawa wa sakafu; ukuta wa sampuli unapokamilika; na kuta zinapofika kimo cha paa, kabla jukwaa la ujenzi halijaondolewa. Ukaguzi wa mwisho ufanyike kabla ya hati ya kutumia jengo kutolewa, mkaguzi akiwa na masharti mkononi na akisimama katika sehemu zilezile ambazo picha za awali zilichorwa.